Anayejua Kusoma Asimame

Landrova iliyomleta mwandishi ilikuwa na turubai nyuma, na mama ndiye aliyeiona kwanza. Tulikuwa tunapalilia maharage shambani, juu ya barabara ya Kumsenga. Akaacha jembe lake limesimama ardhini, akaweka kiganja juu ya macho.

"Imma. Gari lile lina turubai."

"Nimeliona, mama."

"Linasimama wapi?"

Lilikuwa linasimama mbele ya maktaba. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hii ndiyo Jumamosi ya mgeni. Wiki nzima Bwana Isihaka, mwangalizi wa maktaba yetu, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mtu anayetunga vitabu vya kutisha watoto anakuja kutoka Dar es Salaam. Atapita Kibondo mjini, atafika kwetu, kisha ataendelea Kasulu. Nestori, mdogo wangu wa miaka sita, alikuwa amekwisha kukimbilia huko na wenzake kabla hata hatujashika majembe.

Mama hakupiga kelele. Hakuwahi kupiga kelele tangu tuvuke mpaka. Alinishika bega tu, na kucha zake zenye udongo zikaniingia.

"Kamtoe mdogo wako mle. Usikae. Usipokee peremende yao. Na ukiulizwa?"

"Sijui kusoma."

"Tena."

"Sijui kusoma, mama. Hata herufi moja."

"Kimbia."

Niseme hapa sababu yake, maana wapo watu wenye vyeo leo wanaojifanya hawakumbuki. Mwaka sabini na mbili kaka yangu Reverien alikuwa anasoma sekondari upande wa pili, Burundi. Siku moja asubuhi, mimi na mama tukiwa tumempelekea viazi, lilikuja gari la turubai pale shuleni, na ndani yake mtu mpole aliyevaa tai. Mtu huyo hakutukana wala hakupiga mtu. Aliwaambia wanafunzi kwamba mjini kuna kazi inahitaji vijana wanaosoma vizuri, akasema wanaosoma vizuri wasimame. Reverien alikuwa anasoma vizuri kuliko wote. Alisimama. Gari liliondoka nao na halikurudi, si siku ile, si mwaka ule, si leo ninapoandika.

Tangu hapo, nyumbani kwetu kujua kusoma kulikuwa kama kuwa na upele mahali pa siri: unaujua wewe, anaujua mama yako, basi. Reverien alikuwa amenifundisha herufi zote kwa kijiti, uani, kabla sijaanza shule. Hapa Kumsenga nilikaa miaka mitatu kwenye benchi la wasiojua. Mwalimu anaandika ubaoni "kalamu", ananiambia nisome, natazama vidole vyangu vya miguu nasema "kuku". Darasa linacheka. Nalala kifudifudi kwenye dawati, nachapwa kwa kutojua nilichokijua. Fimbo inauma, lakini jioni unarudi nyumbani.

Wala wenyeji hawakuwa wanapenda magari kuliko sisi. Mwaka uliotangulia walipandishwa malori kutoka milimani kwao na vyungu vyao na kuku wao, wakashushwa kando ya barabara, wakaambiwa kijiji ni hapa. Wengine walipogeuka nyuma waliona moshi wa nyumba zao. Nani aliulizwa? Lakini kila aliyeshuka kwenye Landrova tulimwita mgeni wa heshima, tukampigia makofi kwanza, ndipo tukajiuliza kaja kuchukua nini.

Basi nikakimbia.

Maktaba ilikuwa ghala la zamani la chama cha ushirika. Matofali ya kuchoma, bati juu, dirisha hata moja hakuna. Mwanga uliingia kwa mlango mmoja tu, mlango wa bati, na komeo lake lilikuwa nje, kwa sababu aliyejenga alijengea maharage, na maharage hayahitaji kutoka. Rafu mbili za vitabu, meza, mikeka. Harufu ya gunia haikuondoka kamwe. Bwana Isihaka aliipenda maktaba ile kama mtu anavyompenda mtoto wa uzeeni. Alikuwa amekulia dukani, ukoo wao wa pwani, na jioni alifundisha watu wazima kisomo bila kulipwa kitu. Sina neno baya juu ya moyo wake. Neno langu ni juu ya siku ile.

Mgeni nilimkuta mlangoni. Sijui nilitarajia kuona nini, pembe, labda. Alikuwa mtu mnene kiasi, suti ya Kaunda, miwani, uso wa kucheka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti! Ingia, ingia. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Tulikuwa tunakungoja wewe.

"Nimemfuata mdogo wangu. Mama anamwita."

"Mama atasubiri. Leo Mjomba Kucha yuko Kumsenga!" Jina lake la kweli lilikuwa Sylvesta Magombe, lakini hilo la Kucha ndilo lililokuwa kwenye vitabu. Akanishika mkono kuniingiza. Mkono wake ulikuwa laini, unanukia sabuni ya kuogea. Yule wa tai naye alinukia hivyo hivyo. Alinipita karibu sana siku ile, na pua ya mtoto haisahau.

Ndani tulijaa kama punje kwenye muhindi. Nestori alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na meza, macho yanang'aa.

"Imma! Keti, zimwi linakuja!"

"Simama twende."

"Sitaki."

"Mama kasema."

"Bwana Isihaka kasema nikae mbele kwa sababu nina adabu."

Nikamshika kwapani nimnyanyue. Na hapo nyuma yangu bati likalia, mwanga ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika. Kisha komeo. Kila mtoto aliyevuka mpaka ule anaijua sauti ya chuma kinachoingia mahali pake. Sikuhitaji kuambiwa.

Tochi ikawaka chini ya kidevu cha mwandishi. Uso wake ukawa mashimo matupu.

"Hamjambo, wanangu?"

"Hatujambo," wakaitika wachache.

"Mtakuwa na jambo sasa hivi."

Watoto wa Kumsenga wakacheka, kicheko cha koo kavu. Akaanza. Nitasema kweli, alijua kazi yake. Aliongea polepole, na mahali pa kutisha alishusha sauti badala ya kuipandisha. Hadithi ilikuwa ya kitu kiitwacho Mbisha Hodi. Mbisha Hodi hana uso. Hutembea kijiji hadi kijiji. Hafanyi fujo. Huja mlangoni kwa adabu, hupiga hodi, kisha hutaja jina la mtoto. Anayeitika, huondoka naye. Hakuna anayejua anawapeleka wapi.

Nilikaa mkekani, Nestori mapajani. Nilikuwa najiambia, ni hadithi, Imma, ni hadithi, huyu ni mtu wa hadithi. Lakini yule wa tai naye alianza kwa hadithi, alianza kwa kuwachekesha. Kwa nini komeo? Nani anafunga watoto kwa komeo la nje ili awasimulie hadithi?

"Akafika kijiji kimoja," mwandishi akasema, "kijiji kama hiki. Kulikuwa na nyumba kubwa isiyo na dirisha..."

Ngo! Ngo! Ngo!

Mlango ulipigwa na kitu kizito. Watoto wote wakalia kwa pamoja. Nje sauti nene, ya kukwaruza, ikasema:

"Hodi... Zena binti Abdalah..."

Zena alikuwa mtoto wa mwenye duka, miaka kumi, mdomo mrefu. Akapiga yowe, akacheka, akapiga yowe tena. Leo najua ilikuwa sauti ya Bwana Isihaka, amekaba koo lake na ameshika mchi. Mgeni alimwomba awe Mbisha Hodi, naye kwa mapenzi yake kwetu akachagua kutaja watoto anaowapenda zaidi, wale wasiokosa kuja. Angeweza kukosea kosa gani kubwa zaidi ya hilo? Lakini gizani mle hakukuwa na Isihaka. Kulikuwa na mtu nje anayejua majina yetu.

Ngo! Ngo!

"Hodi... Nestori..."

Nestori hakulia. Mwili wake ukawa mgumu kama gogo. Kisha nikasikia kile nilichokuwa nakiogopa kuliko giza: kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Nestori alikuwa na pumu. Mle ndani vumbi la magunia lilikuwa limeinuka kwa miguu ya watoto, na hewa ilikuwa nzito kama uji.

"Fungueni!" nikapiga kelele. "Mdogo wangu hawezi kupumua! Fungueni mlango!"

"Safi sana!" mwandishi akasema, amefurahi kweli. "Lieni! Mnalia vizuri kuliko watoto wa Morogoro!"

"Ana pumu, mjomba! Nakuomba!"

"Tanga kulikuwa na mmoja alijifanya amezirai. Nilimwacha, akaamka mwenyewe." Watoto walikuwa wanalia kila pembe, sauti yangu moja ingemfikiaje? "Mumiani!" mtu akapiga ukelele nyuma. "Anataka damu yetu!" Wakaanza kukanyagana. Mkono wa mtu ulinipiga mdomoni, nikaonja chumvi.

Mwandishi akapiga meza. Tukanyamaza. Akafungua kitabu, akakilaza mezani, akaweka tochi kando yake, ukurasa ukawa mweupe peke yake katika giza lote lile.

"Sikilizeni sasa. Mbisha Hodi anaogopa kitu kimoja tu duniani. Anaogopa sauti ya mtoto anayesoma. Mlango huu hautafunguliwa na mimi, wala na aliye nje, mpaka mmoja wenu aje hapa kwenye mwanga asome ukurasa wa mwisho. Hayo ndiyo masharti ya Mjomba Kucha." Akatutazama, meno yanang'aa. "Haya. Anayejua kusoma asimame."

Sijui nielezeje ule ukimya.

Watoto wa wenyeji walinyamaza kwa sababu wengi walikuwa bado wanababaika na silabi, na nani angetaka kubabaika mbele ya mgeni? Lakini katikati yao tulikuwepo sisi wa upande ule, zaidi ya kumi, tumetawanyika mikekani, na mimi nilisikia kila mmoja wetu alipovuta pumzi akaizuia. Kando yangu alikuwa Ildefonsi, kijana wa miaka kumi na minne, ambaye kwao aliwahi kusoma masomo kanisani mbele ya padri. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ceceka," akaninong'oneza kwa lugha yetu kupitia vidole. Nyamaza. "Imma, ceceka."

"Hamna hata mmoja?" mwandishi akauliza. "Kumsenga nzima?"

Filimbi ya Nestori ilikuwa imebadilika. Ilikuwa fupi sasa, kama ya kifaranga. Niliweka mkono kifuani pake, nikahisi mbavu zinaingia ndani.

"Imma anajua!" Alikuwa Zena. "Imma anajua kusoma! Dukani kwetu hunisomea karatasi za sabuni!"

"Mwongo!" nikasema.

"We mkimbizi, unajua! Ulinisomea 'isiingie machoni'! Soma tutoke!"

"Soma!" wengine wakadakia. "Soma, mkimbizi! Unataka tufe humu?"

Nilifikiri nini? Watu huuliza. Sikufikiri kitu cha ushujaa. Niliona mgongo wa Reverien anaposimama, jinsi alivyovuta shati lake chini kwanza ili apendeze. Nilifikiri, nikisimama nimekwisha, turubai lile ni langu. Na nilifikiri, nisiposimama, huyu mapajani amekwisha sasa hivi. Hapakuwa na la tatu. Nimetafuta la tatu miaka yote hii na sijalipata.

Nikampa Ildefonsi mtoto. Nikasimama. Nikajikuta nami nimevuta gauni langu chini.

Mwanga ule ulinimwagikia kama maji baridi. Herufi zilikuwa kubwa, za watoto. Nilisoma kwa sauti ambayo sikuijua, kavu, ya haraka, bila kupumzika kwenye nukta. Kwamba mtoto wa nyumba isiyo na dirisha alichukua kitabu. Kwamba alisema, nakuona, Mbisha Hodi, najua huna uso, ndiyo maana unakuja kuchukua nyuso zetu. Kwamba kile kitu kilirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kikawa ukungu juu ya mto. Miaka mitatu sikuwa nimesoma kitu kirefu kuliko karatasi ya sabuni, na mwili wangu, aibu yake, ulifurahi.

Neno la mwisho lilikuwa "asubuhi". Komeo likalia.

Mwanga ulitupiga machoni. Ildefonsi alikuwa wa kwanza kutoka, Nestori begani, anamkimbiza kwenye upepo. Niliwafuata nikikanyaga watoto. Pale nje, nyuma ya Bwana Isihaka na mchi wake, mama alikuwa amesimama na jembe mkononi. Alikuwa ameshindwa kunisubiri. Alikuwa amefika mlangoni, akasikia kwa ndani sauti ya bintiye inasoma.

Alipiga magoti, akamkalisha Nestori ameinama mbele, akawa anamsugua mgongo na kumpepea kwa kanga. "Taratibu, mwana wanje, mwanangu. Taratibu." Filimbi ikawa ndefu tena, kidogo kidogo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Bwana Isihaka aliuangusha mchi. "Mama Reverien, sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani wanacheza."

Mama hakumtazama. Alikuwa anamtazama mwandishi, aliyekuwa anatoka ghalani akijifuta jasho, anacheka.

"Yuko wapi msomaji wangu? Huyo hapo! Wewe ndiye mama yake? Hongera sana, mama, hongera. Unajua una nini hapa? Una lulu! Kesho niko Kasulu, wakubwa wote wa wilaya watakuwepo. Nataka asome vile vile alivyosoma leo. Atalala Kabanga kwa masista, kesho kutwa anarudi na zawadi. Haya binti, panda." Akaenda mwenyewe kuinua turubai. "Nafasi ipo."

Naandika haya na mkono wangu unataka kuacha kalamu. Ndani ya Landrova kulikuwa na benchi, maboksi ya vitabu, na giza la rangi ya kijani. Giza lile lile.

"Hajui kusoma," mama akasema.

"Eti?"

"Mtoto huyu hajui kusoma, bwana."

Mwandishi akacheka, akawageukia watu waliokuwa wamekusanyika. "Mama, nimemsikia kwa masikio yangu haya."

"Amekariri. Watoto wanasimuliana."

"Kitabu hiki kimetoka mtamboni mwezi uliopita! Nani alimsimulia?" Akamgeukia Isihaka. "Ndugu, hebu tuambie. Huyu anasoma au hasomi?"

Bwana Isihaka alinitazama. Alimtazama mama, na lile jembe, na vidole vya mama juu ya mpini. Zena alikuwa kando yake na mdomo wake mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliufunga.

"Shuleni yumo benchi la wasiojua, Ndugu," Isihaka akasema. "Ni kweli. Kila mtu hapa anajua."

"Basi tuone." Mwandishi hakukasirika. Aliona ni mchezo mwingine. Akafungua kitabu katikati, akanipa. "Soma hapa, mwanangu. Popote."

Nilijua nikibabaika atanitambua. Mtu aliyezoea watoto huyaona macho yanapotembea juu ya mstari. Basi nilikipokea kitabu kwa mikono miwili, nikakigeuza juu chini mbele ya watu wote, nikakaza macho. Watoto wengine wakaguna. Nilitaka kusema hadithi ya sungura na fisi, ile ambayo kila mtu anaijua, nionekane mjinga wa kutosha. Nikafungua mdomo. Sungura hakutoka.

"Gari lilikuja asubuhi," nikasema, "wanafunzi wakiwa hawajamaliza uji. Lilikuwa na turubai. Akashuka mtu mwenye tai akawachekesha. Akasema, wanaosoma vizuri wasimame. Kaka akavuta shati lake chini, akasimama. Kijiko kilikuwa bado mkononi, akakosa pa kukiweka, akamrushia mdogo wake. Wakapanda. Walikuwa wanaimba. Jua lilikuwa kali, na kaka akaweka kitabu chake juu ya macho ili atuone vizuri, akapunga kwa mkono mwingine. Mama yake alikuwa ameshika viazi. Gari likapinda kwenye mikaratusi. Halafu wimbo ukawa unasikika bado, gari halionekani. Halafu mama akaketi chini akaanza kula vile viazi, vibichi, vyote, na hakuna aliyemzuia."

Niligeuza ukurasa, maana msomaji hugeuza ukurasa. Ukurasa uliofuata nao ulikuwa juu chini.

"Mwisho," nikasema.

Mwandishi alikuwa amevua miwani. Uso wake, ule wa kucheka, haukuwa na kitu juu yake. Nimewahi kuona watu wengi wenye hofu, nami sijidanganyi: yule mtu aliogopa. Alitazama turubai aliloliinua kwa mkono wake mwenyewe. Akaliachia.

"Hiyo... imeandikwa wapi?"

"Humu, mjomba."

Alikichukua kitabu mikononi mwangu, akakigeuza upande wake sahihi, akakifunga. "Mtoto hajui kusoma," akamwambia dereva, kama vile dereva aliuliza. Akapanda mbele. Hakuaga. Vumbi la Landrova lilikaa barabarani muda mrefu, na hakuna aliyepiga makofi.

Mama alimkabidhi Ildefonsi mtoto. Akaenda mlangoni pa ghala, akaingiza ncha ya jembe nyuma ya komeo, akalielemea kwa uzito wake wote. Misumari ilitoka ikilia. Kwa kawaida mali ya kijiji ukiigusa unaitwa ofisini. Mwenyekiti Tharsisi alikuwepo pale, mtu wa kanuni, naye aliamua kutazama mawingu. Mama alilitia komeo kwenye kanga yake tukaondoka nalo. Mlango wa maktaba ya Kumsenga haukufungwa tena kwa nje, na vitabu vilivyoibiwa kwa sababu hiyo, mimi nasema viibwe.

Miaka miwili baadaye kilikuja kitabu kipya cha Mjomba Kucha. Ninacho, kimechakaa. Kinahusu zimwi linaloendesha gari la turubai. Kuna kijana mwenye kijiko. Kuna kijana, huyo huyo, anakinga jua kwa kitabu ili awaone wanaobaki. Alichukua hata hicho. Wala sijakasirika kwa hicho peke yake. Vitu vyetu vimezoea kuchukuliwa. Nimekasirika kwa ukurasa wa mwisho, ambapo watoto wote wanaruka kutoka garini, zimwi linakufa maji, na wanarudi nyumbani wakiwa na njaa, mama zao wamewapikia uji. Hakuwa na haki ya kuwarudisha. Hata mama hakuthubutu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile tulipanda kuelekea shambani kuchukua jembe langu. Nestori alikuwa mgongoni kwa mama, amelala, anakoroma kidogo. Barabara ilikuwa na watu wanaorudi makwao, wengine mbele yetu, wengine nyuma, na wote wakinong'ona. Komeo liligonga ndani ya kanga ya mama kila alipopiga hatua.

"Ulikishika juu chini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri."

Tukapita kwenye migomba ya akina Ildefonsi, tukapita kisima. Mama akageuka kutazama nyuma, kisha akaniinamia, sauti yake ndogo kabisa, karibu ya aibu.

"Na yule mtoto wa nyumba isiyo na dirisha. Nilisikia mwisho tu, pale mlangoni. Lile zimwi lilipokuwa ukungu... lilirudi tena?"

Nilimtazama. Alitaka kujua kweli. Miaka mitatu, na hiki kilikuwa kitu cha kwanza alichotaka kujua. Nyuma yetu kulikuwa na watu wawili ambao sikuwatambua gizani, na walikuwa wanakaribia.

"Sijui, mama," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Mimi sijui kusoma."

Akanishika mkono, akaubana, akaendelea kutembea.